Karatasi ya Sanduku

Mambo mawili yalipita mbele ya Dokta Ridha Masoud bila yeye kuyaona. La kwanza lilipita jikoni kwa dada yake, Madungu, siku ya Ijumaa. La pili lilipita barazani kwa Mzee Jecha, Chokocho, siku ya Jumapili. Yote mawili yalihusu neno moja, na maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yake.

Ridha alikuwa mhadhiri wa leksikografia katika chuo kikuu kimoja cha Unguja, mtu wa miaka arubaini na minane, mpole, asiyependa kumkata mtu kauli. Kwa miaka mitatu alikuwa akikusanya majina ya biashara yaliyowatoroka wenyewe yakawa mali ya kila mtu. Alikuwa na kadi zaidi ya mia mbili, kila moja na safu nne. Ilikuwamo biki, ambayo ni kalamu yoyote ya wino; kiwi, ambayo ni dawa ya viatu hata kopo likiwa limeandikwa jina jengine; panadoli, ambazo mama mmoja wa Wete alimhakikishia kuwa zipo za rangi nne; na honda, ambayo ni pikipiki ya kiwanda chochote. Katika rasimu ya makala yake aliandika kwamba majina haya hushika mizizi pale msamiati ulipoacha pengo, na kwamba wajibu wa mwanaleksikografia ni kuliziba pengo hilo kwa istilahi iliyo wazi. Aliipenda sentensi hiyo. Alikwisha kuisoma katika makongamano mawili.

Ndiyo maana dada yake mkubwa, Time, alipomwita jikoni amwandikie karatasi ya sanduku, alikwenda na kompyuta yake ya mkononi kwa furaha isiyolingana na kazi yenyewe.

Safaa, binti wa Time, mwalimu wa hesabu katika skuli moja ya Chake Chake, alikuwa ameposwa na Hudhaifa wa Chokocho. Harusi ilibaki wiki mbili. Kwa ada ya ukoo wao, mume humtilia mke sanduku, na nyumba ya mke huandika vitakavyotiwa. Karatasi hupelekwa na wazee wa mke, ikasomwa kwa sauti na mzee wa mume mbele ya wanaume wake, na kila kitu kikitajwa msomaji huitikia, "Tumekubali." Husomwa hadharani ili baadaye asitokee mtu wa kusema hakusikia.

"Wewe ndiye msomi wetu," Time alisema huku akikuna nazi. "Andika. Khanga doti kumi. Manukato, udi, asumini si wakati wake. Omo, katoni moja. Kolgeti dazeni. Olwezi dazeni. Vaslini, ile kubwa. Themosi mbili. Kiwi..."

"Kiwi ya nini tena, na viatu vyake vyote vya kitambaa?"

"Andika, Ridha. Ukianza kuuliza hatutamaliza hata kwa Laasiri."

Hapo ndipo jambo la kwanza lilipopita. Mkono wa Time ulikuwa ukikuna nazi kwa mwendo mmoja tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Sauti yake nayo ilikwenda mwendo mmoja, isipokuwa kwenye olwezi, alipoishusha kidogo na kuliharakisha neno, kama mtu anayepita mbele ya msikiti na kapu lisilofunikwa. Aliliweka makusudi katikati ya kolgeti na vaslini, vitu visivyo na habari. Ridha hakuliona hilo. Aliona tu kwamba dada yake amezoea majina ya dukani, na kwamba karatasi itakayosomwa mbele ya wazee inastahili lugha timamu.

Jioni ile, kwa moyo mweupe, aliitengeneza. Alichora jedwali la safu nne: namba, bidhaa, maelezo, idadi. Omo ikawa sabuni ya unga ya kufulia nguo. Kolgeti ikawa dawa ya kusafishia meno. Themosi ikawa chombo chenye kuta mbili cha kuhifadhia joto la kinywaji. Alipofika kwenye olwezi alisita, lakini alisita kama msomi, akitafuta istilahi iliyo sahihi zaidi kati ya tatu alizozijua. Akachagua moja, akaifafanua kwenye safu ya maelezo, akaenda kuchapisha nakala dukani, akaitia ndani ya bahasha. Time alitaka kuiona. Ridha alimwambia imeshafungwa, na kwamba ni yale yale aliyoyasema yeye, ila yamesafishwa.

Jumapili asubuhi walikwenda Chokocho, yeye na shemeji yake Bakar, baba wa Safaa. Baada ya Kengeja barabara ilikuwa imetandikwa majamvi ya karafuu pande zote mbili, na dereva alilazimika kupita katikati kama mtu anayechupa madimbwi. Walipofika waliwakuta wanaume kiasi cha kumi na tano wamekaa barazani kwa Mzee Jecha, ami yake Hudhaifa, aliyekuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Hudhaifa mwenyewe hakuwapo, kwa sababu si adabu mwoaji kuwapo.

"Wambaje, Bakar? Huyu ndiye dokta wenu?"

"Ndiye, Mzee wangu. Shikamoo zake hizo."

"Marahaba. Dokta wa sindano au wa vitabu?"

"Wa maneno, Mzee," Ridha alijibu.

"Basi leo tupo pazuri," alisema Mzee Jecha, akavaa miwani, akaifungua bahasha.

Khanga zilisomwa na kukubaliwa. Manukato yalikubaliwa. Kisha Mzee Jecha akaisogeza karatasi mbali na macho na kusoma polepole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea hukumu za watu: "Sabuni ya unga ya kufulia nguo, katoni moja."

"Hiyo kitu gani?" aliuliza kijana mmoja nyuma, jina lake Mmanga, binamu wa mwoaji, ambaye kila baraza lina wa mfano wake.

"Omo," alisema jirani yake.

"Basi si waseme omo! Mimi nishaanza kufikiri ya Uarabuni."

Watu walicheka, na Ridha alicheka nao. Kwa hakika alifurahi, akaona kwamba hapa kuna ushahidi mzuri wa makala yake. Katika jedwali lake alikuwa amepanga vitu kwa aina, si kwa namna dada yake alivyovitaja, kwa hivyo themosi ilitangulia.

"Chombo chenye kuta mbili cha kuhifadhia joto la kinywaji. Viwili."

"Kuta mbili!" Mmanga alidakia. "Yakhe, hawa wanataka sanduku au wanataka nyumba?"

"Mafuta mazito ya kupaka ngozi, kopo kubwa moja."

"Grisi hiyo. Mwiteni fundi wa magari."

Hata Bakar, ambaye hacheki ovyo, aliuficha mdomo kwa kiganja. Mzee Jecha alingoja kicheko kitulie, akashuka mstari, akaendelea kwa sauti ile ile, kwa kuwa mstari ulianza kwa neno la kawaida na haukumpa onyo lolote. "Taulo za kike," alisoma, "za kutumiwa na mwanamke wakati wa hedhi. Pakiti kumi na mbili."

Hapakuwa na wa kucheka. Mtu mmoja alikohoa. Mwengine aliokota kandambili yake akaitazama soli. Kisha kutoka nyuma, kwa sauti ya chini ambayo ilisikika na wote, Mmanga akasema, "Kumi na mbili. Mwaka kamili."

Mzee Jecha hakumtazama. Aliikunja karatasi mara mbili, kisha mara mbili tena, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Macho yangu yamechoka," alisema. "Yaliyobaki tutayaona siku nyengine. Leteni kahawa."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la pili. Ridha aliamini kwamba macho ya Mzee yamechoka. Alijilaumu kwa kuchapisha herufi ndogo, na njiani kurudi alimwambia Bakar kwamba angetumia herufi za kumi na nne. Bakar alitazama nje ya dirisha hadi Chake Chake.

Khabari ilifika Madungu kabla yao. Wanawake wa Chokocho wana simu kama wengine. Walipoingia ndani, Time alikuwa amesimama katikati ya ukumbi.

"Ridha. Mimi nilikwambia neno gani?"

"Neno gani katika yapi, dada?"

"Unalijua."

Alilijua, sasa. Lakini alikuwa amezoea kutetea hoja, na ulimi wa mtu aliyezoea kutetea huanza kabla yake. "Dada, ni kitu cha kawaida. Ni dini, ni afya. Wahenga walisema, mficha uchi hazai."

"Na anayeuanika barabarani, yeye anazaa wangapi?" Time alimjibu. "Nilikupa neno limevaa nguo. Umelivua, ukampelekea Jecha na watu kumi na tano. Nenda kamsalimie mwanao, chumbani mle. Anakungojea wewe, mimi hataki kusema na mimi."

Safaa alikuwa amekaa kitandani na madaftari ya wanafunzi mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa akisahihisha, au alikuwa akijionesha kwamba anasahihisha. Hakuwa analia. Ridha angependa awe analia. Angejua la kusema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Safaa, mimi..."

"Katika darasa langu la kidato cha pili wamo ndugu wawili wa Mmanga," alisema, bila kuinua kichwa. "Kesho saa mbili nitasimama mbele yao na chaki. Watakuwa wanajua ninatumia pakiti ngapi kwa mwaka. Nimeshahesabiwa miezi yangu, mjomba, na wanaume nisiowajua hata kwa sura."

"Sikukusudia hilo."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningekutukana, ikaisha." Akaweka daftari kando. "Nikuulize wewe unayekusanya maneno. Tangu nina miaka kumi na mbili naingia dukani kwa Mzee Haidar. Pale kwenye ngazi pana watu wanacheza karata kutwa. Nasema, 'Nipe olwezi,' na yeye ananifungia kwenye gazeti, na hakuna shingo inayogeuka. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Ridha alikaa kwenye kiti. Hakuwahi.

"Kwa sababu lile ni jina la kitu cha dukani. Lako ni jina la mwili wangu."

Nje, Time alikuwa akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Baba atakuja kuniomba idhini siku ya ndoa," Safaa aliendelea. "Wanasema mwari akinyamaza ndiyo kukubali kwake. Mimi sitanyamaza. Nitasema sitaki, kwa sauti, wasikie hata walioko nje. Simkatai Hudhaifa. Lakini siingii nyumba ambayo kila mwanamme akinitazama anakumbuka ule mstari."

Ridha alisema ataandika barua kwa Mzee Jecha, aeleze kwamba kosa ni lake. Safaa akamtazama kwa mara ya kwanza, na machoni mwake mlikuwa na kitu kilichokaribia huruma.

"Utaeleza kosa gani? Si utaliandika tena?"

Na hapo ndipo msomi alipokwama. Kila njia ya kuomba radhi aliyoifikiria ilipita juu ya neno lile lile. Akiliandika, analirudia, akilisema, analirudia, akisema "lile neno", watu watalirudia wenyewe vichwani mwao. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa amesimama na kikombe akitaka kuyazoa. Kadi mia mbili hazikumsaidia. Mwishowe akachukua daftari tupu kwenye rundo la mpwa wake, akachomoa karatasi ya katikati, akaomba biki.

"Nitajie wewe," alisema. "Nitaandika utakavyosema."

Safaa alimpa biki. Kisha akaanza, polepole kwanza, kama mwalimu anayemwandikisha mtoto imla: khanga, manukato, udi. Omo. Kolgeti. Alipofika penyewe alimtazama mkono.

"Olwezi," alisema. "Dazeni."

Ridha aliandika olwezi, dazeni. Hakuinua kichwa, wala hakupunguza mwendo.

"Vaslini. Themosi mbili. Kiwi."

"Kiwi ya nini, na viatu vyako vya kitambaa?"

"Ya Hudhaifa," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake ulilegea. "Viatu vyake vinatia aibu. Mama alijua." Kisha akarudi kuwa mwalimu. "Isomwe pale pale, mjomba. Na wale wale wawepo. Ikisomwa faraghani haitasaidia kitu."

Hili lilikuwa sharti zito kuliko lilivyosikika, na Time, aliyelisikia kutoka jikoni, aliingia kulisema. Karatasi ya sanduku haisomwi mara mbili. Nyumba ya mke ikipeleka ya pili, maana yake imeona ya kwanza haitoshi. Wa Chokocho wanaweza kuona wamegeuziwa bei, na posa zimewahi kuvunjika kwa jambo dogo kuliko hilo. "Jecha akikataa," alisema, "basi tena. Hakuna mlango mwengine."

Jumanne Ridha alikwenda peke yake. Alimkuta Mzee Jecha akipindua karafuu kwenye jamvi uani, akamsaidia kupindua bila kuombwa, hadi upande wote ukageuka. Hakueleza kitu. Alitoa tu karatasi ya daftari, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Mzee wangu, nimekuja na karatasi ya sanduku. Wenyewe wanaomba isomwe barazani."

Mzee Jecha alimtazama. "Kwani mlishaleta karatasi?"

Ridha alibaki ameishika karatasi ile kwa mikono miwili.

"Mimi nimesomea watu karatasi miaka thelathini mahakamani," Mzee alisema. "Karatasi isiyomalizwa kusomwa haijasomwa. Ile niliikatiza. Unafikiri niliikatiza kwa nini?"

"Ulisema macho yamechoka."

"Macho yangu yanaona punje hii ya karafuu kama ni kavu au mbichi, hapa nilipo." Akachomoa kutoka mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, na alama za mikunjo zilionesha kwamba haikuwa imekunjuliwa. "Chukua yako. Haijatoka mfukoni tangu juzi, wala hakuna aliyeikubali. Nilikuwa nakungojea. Nilidhani utakuja jana."

Alaasiri wanaume wale wale walikuwa barazani, kwa kuwa Mzee Jecha aliwatumia watu akasema kila aliyekuwapo Jumapili awepo. Alivaa miwani na kusoma mwandiko wa Ridha kama mtu asomaye jina lake mwenyewe, bila kupanda wala kushuka.

"Khanga doti kumi. Tumekubali. Manukato na udi. Tumekubali. Omo katoni moja. Tumekubali. Kolgeti dazeni, tumekubali, olwezi dazeni, tumekubali, vaslini kubwa, tumekubali. Themosi mbili."

"Zenye kuta?" Mmanga aliuliza.

Baraza zima likaangua kicheko, na nyuso zote zikamgeukia Ridha. Alicheka nao, na safari hii alikijua wanachokicheka, na alishukuru kwamba ni yeye.

"Zenye kuta," alisema.

"Tumekubali," akasema Mzee Jecha. "Kiwi. Tumekubali. Karatasi imekwisha. Leteni kahawa."

Ridha alirudi Madungu na kumkuta Safaa mlangoni. Hakumwuliza kama imekubaliwa. Alimwuliza, "Walikuwapo wote?"

"Wote, na Mmanga."

"Alisema nini?"

"Alinicheka mimi. Kwa themosi."

Safaa akatikisa kichwa, akamchukulia mkoba, akaenda kumtilia chai.

Siku ya ndoa Bakar alikwenda kumwomba bintiye idhini, na Safaa aliitoa kwa sauti, wakaisikia hata walioko nje. Makala ya Ridha ilichelewa mwaka mmoja. Ilipotoka, sentensi iliyozungumzia pengo haikuwamo, na kadi ya olwezi ilikuwa na safu ya tano, inayosema neno hutumika mbele ya nani. Ndani ya mwaka huo safu hiyo aliiongeza kwenye kadi zote, na maelezo ya kadi thelathini na moja yakabadilika. Tangu wakati huo hasafishi karatasi ya mtu mpaka amwulize kwanza itasomwa wapi.